Jina Alilolitaja Zakariya Jukwaani

Kibokoni, Mombasa
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu mpenzi Lamis, aliyeko Maskati,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya salamu hiyo, ambayo ni bora kuliko chochote nilichonacho cha kukutumia, naanza kwa kukuuliza miguu yako. Binti yako ameniarifu kwamba uvimbe umerudi na kwamba sasa unaswali ukiwa kitini, nawe unaona uchungu kwa jambo hilo. Usione uchungu, dada. Aliyeifaradhisha swala ndiye aliyetupa nafuu hiyo, na nafuu yake ni sadaka isiyofaa kurudishwa. Huku kwetu tungali hai kwa rehema zake. Jicho langu la kushoto lilifanyiwa upasuaji baada ya Rajabu, na naanza tena kuziona herufi ndogo pambizoni mwa vitabu. Nyumba ya marehemu baba imesimama. Boriti za ghorofa ya juu tumezibadilisha, na ule mlango uliokuwa ukikubana vidole sasa unafungika kwa kidole kimoja.

Najua si hayo unayoyangoja. Ile sauti ya ndugu yetu jukwaani umekwisha kuisikia. Imekufikia kwa simu kama ilivyowafikia watu wa Jeddah na wa London, na nimeambiwa kwamba siku ile ulikataa chakula. Umenipigia mara kadhaa nami nikakujibu kwa maneno mafupi, ukadhani nakuficha. Wallahi sikukuficha, nilikuwa sijui. Sasa najua, na nimeona heri niandike kwa karatasi. Jambo hili limeharibiwa na vipande vya sauti vinavyorushwa mkono kwa mkono, kila mtu akikata pale palipomfurahisha. Nataka ulipate zima, na kwa utaratibu wake.

Nianze na hali ya ndugu yetu, kwa sababu wewe ulipoolewa Maskati ulimwacha kijana mwembamba anayesoma maulidi, na ziara zako za siku chache hazikukuonyesha alivyokuja kuwa. Wewe ndiwe uliyemlea Zakariya mama alipofariki, na mimi ndimi niliyemkalisha mkekani nikamfundisha kuitoa kila herufi mahali pake, hata koo lake likawa halikosei. Baba alitaka awe mwadhini. Yeye akaenda kwenye michezo ya kuigiza ya shule, kisha majukwaani, kisha redioni, na baba akafa akiwa ameridhika naye nusu tu. Lakini hapana mtu katika mji huu asiyeijua sauti ile. Ameigiza masultani na makuli, amekuwa jini, kadhi na kiziwi. Tamthilia za Kituruki zilipoanza kutiwa maneno ya Kiswahili, yeye akapewa yule baba mkali aliyemfukuza bintiye usiku wa mvua. Mwanamke mmoja muuza dania pale Marikiti akakataa kumuuzia mpaka amsamehe mtoto yule. Zakariya akamjibu kwa sauti ya yule baba kwamba hasamehi mpaka dania iongezwe, na wanawake wote wa ile safu wakacheka, naye akarudi nyumbani na mafungu mawili. Hata katika ile zahanati ninakotibiwa jicho, sauti ya mashine inayoita nambari za wagonjwa ni yake. Watu wengi wa mji huu huitwa kwa daktari na ndugu yetu, na wengine husimama wakatabasamu kabla ya kuingia na maradhi yao.

Mkewe Mejumaa unamjua vizuri kuliko unavyomjua mtu yeyote wa nyumba hii, kwani wewe ndiwe uliyekuja kutoka Maskati ukamfuata kwao Kidigoni mara zote mbili alipoachwa. Nakukumbusha hilo kwa sababu lina uzito katika habari hii. Zakariya alikuwa na hasira ya ujana. Alimwacha talaka moja mwaka ule waliooana, akamrejea ndani ya eda. Akamwacha ya pili Mejumaa, ambaye naye alikuwa mwigizaji, alipokataa kuacha kuigiza, akamrejea vilevile, nami nikiwa shahidi. Tangu hapo waliishi vizuri, Mejumaa akaacha jukwaa kwa hiari yake, akalea watoto, akahiji. Lakini hesabu ya talaka haifutwi kwa kuishi vizuri. Ilibaki moja, na baada ya hiyo hakuna kurejeana mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine, ndoa ya kweli, nayo ivunjike kwa sababu zake.

Mwaka jana Mejumaa akarudi jukwaani. Mji ulisema sana. Walisema bibi mwenye wajukuu amechoka na tasbihi. Wengine walisema anamchunga mumewe asichukuliwe na waigizaji wasichana. Mimi pia sikupendezwa, nikamwita nikamwuliza, naye akanijibu neno moja tu, kwamba Zakariya anataka awe karibu. Nikaona ni mahaba ya uzeeni, nikanyamaza.

Sasa nakuja kwenye Idi pili. Kikundi chao, kinachoongozwa na kijana wa Kitaita aitwaye Samuel, ambaye pia ndiye mwenye kipindi cha redio cha Jumamosi asubuhi, kilitayarisha mchezo wa mfanyabiashara anayemdhania mkewe mabaya na kumwacha bure. Mfanyabiashara ni Zakariya, mke ni Mejumaa. Walipokuwa wakifanya mazoezi Zakariya alikuja kuniuliza. Nilimwambia kwamba mume na mke wa kweli wasitamkiane talaka hata kwa kuigiza, kwa kuwa tumefundishwa kwamba talaka haina mzaha, na neno lake la kucheza ni sawa na la kweli. Akaniomba nafuu. Nikafikiri sana, nikamwambia, kama hapana budi, na alitaje jina la yule mwanamke wa hadithi, Rukia, tena kwa kulipaza, ili lile neno limwelekee mtu asiyekuwako duniani. Jina ndilo lililokuwa ukuta kati ya mchezo na nyumba yake. Akanielewa vyema, na wakati wa mazoezi alilitaja sawasawa, kama nilivyohakikishiwa.

Mimi sikuwamo katika ukumbi ule wa Tononoka. Nilikuwa msikitini nikisomesha baada ya alasiri. Aliyeniletea habari ni Kingi, mdogo wake Mejumaa, yule anayeendesha winchi bandarini. Alisimama mlangoni mwa msikiti na viatu vyake, hakuingia, hakunitolea salamu. Akaniuliza:

"Maalim, shemeji yangu amewaacha wake wangapi kwenye michezo yake? Maana leo zamu ya dada yangu imefika."

Nikadhani ni maskhara. Akanitolea simu, nikasikia. Nawe umesikia, dada, kwa hivyo sitakurudishia ila kwa ajili ya utaratibu. Mfanyabiashara anamshutumu mkewe. Mkewe amempa mgongo, amejifunika leso, analia. Kunapita kimya kirefu. Kisha ile sauti tuliyoilea wewe na mimi inasema: "Mejumaa, nimekuacha."

Katika mchezo Mejumaa alipaswa kuanguka miguuni pake amsihi. Hakuanguka. Aligeuka akamtazama, akaivuta leso usoni, akatoka kwa mlango wa pembeni, na jioni ileile alikuwa nyumbani kwa Kingi na furushi la nguo. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Samuel aliniambia baadaye kwamba hajapata kuona uigizaji wa namna ile, na kwa furaha yake akakirusha kile kipande kila mahali. Simlaumu, kijana si wa dini yetu, hakujua alichokishika. Alianza kushuku tu alipowaona wanawake wazima wa safu ya mbele hawapigi makofi, wameshikana mikono.

Nilimwendea Zakariya. Nilimkuta ameketi sebuleni kwake, kanzu imepigwa pasi, amestarehe kama mtu anayengoja wageni. Nikamwambia kwamba nimekuja na mlango mmoja wa kutokea. Ikiwa ulimi uliteleza, basi aseme uliteleza, kwa sababu neno lililomponyoka mtu bila ya kulikusudia lina hukumu yake. Unajua alinijibu nini? Alinijibu kwamba ulimi wake haujateleza tangu nilipomkalisha mkekani, na kwamba alilitaja jina la mkewe kwa makusudi ya sanaa. Na Jumamosi iliyofuata akaenda kwenye kipindi cha Samuel akayasema hayo mji mzima ukisikia: "Jina la hadithi nililiona limepoa. Nikataka watu wasikie jina la mtu."

Dada, tangu siku hiyo sikulala usingizi wa kueleweka. Mtu anayetamka talaka kwa jina la mkewe, akijua na akichagua, hana pa kujifichia, hata kama alikuwa amepakwa rangi usoni. Kwa kila sentensi ya kujisifu alikuwa akiongeza tofali. Barazani walikuwa wakigawanyika. Wengine walisema ameachika, wengine walisema wanangoja tu kuona lini atarudi usiku ili waseme wanazini. Muuza kahawa alinipa kikombe bila ya kunitazama. Nami, ambaye watu huniuliza mambo yao ya ndoa, nilikuwa nikiulizwa la nyumbani kwangu na sina jibu. Nikaona sifai kumhukumu ndugu yangu, nikalipeleka jambo kwa Sheikh Jamaldin, tuliyesoma naye, mtu asiyemwonea mtu na asiyempendelea mtu.

Kabla ya siku ya kuonana naye nilikwenda Tononoka, nyumbani kwa Kingi, kumwona Mejumaa. Alinipokea vizuri, akakaa mbali, Kingi akiwa kati yetu amekunja mikono. Nilimwuliza kama anaona mumewe alikusudia. Akasema, "Maalim, hilo mwulize mwenyewe. Si langu kulisema." Nikamwambia kwamba kunyamaza kwake kunaweza kumvunjia nyumba. Akajibu kwamba anajua. Kisha akaanza kuniuliza maswali ambayo sikuyaelewa. Aliuliza kama Zakariya amezima gesi. Aliuliza nani anamfuata asubuhi anapokwenda Makadara kununua mkate, na akaniomba, kwa sauti ya mtu anayeomba jambo kubwa, nisimwache aende peke yake. Kingi akamcheka, akamwambia kwamba mwanamume aliyekuacha mbele ya watu mia hahitaji yaya. Nilitoka na wasiwasi mwingine juu ya ule niliokwenda nao.

Kwa Sheikh Jamaldin Zakariya aliyarudia yaleyale, kwa ufasaha, mpaka nikatamani awe bubu. Sheikh alimsikiliza, kisha akamwambia arudi nyumbani akafikiri, kwa kuwa akishatoa hukumu hatakuwa na la kumfanyia. Tukaondoka mvua ikinyesha. Tulipofika kwangu ilikuwa imekuwa kubwa, mitaro imefurika, na maghribi imeingia. Hatukuweza kwenda msikitini. Tukaswali nyumbani, sisi wawili tu. Nikamtanguliza yeye, kwa kuwa tangu utoto wake kisomo chake hunituliza.

Katika rakaa ya kwanza alisoma sura fupi uliyomfundisha wewe akiwa mapajani mwako. Aya mbili akazisoma vizuri, kisha akanyamaza. Nikadhani ni huzuni imemkaba. Nikamkumbusha aya kwa nyuma, kama inavyompasa maamuma, naye akaipokea na kuendelea, kisha akanyamaza tena. Nikamkumbusha tena. Katika rakaa ya pili akanyamaza katika Alhamdu. Dada yangu, mtoto wa madrasa wa wiki ya pili hanyamazi katika Alhamdu. Nilimsomea nusu yake.

Baada ya salamu hakugeuka. Alibaki ameelekea kibla, na akiwa amenipa mgongo hivyo ndipo aliponieleza yote. Alisema kwamba maneno yamekuwa yakimpotea kwa muda mrefu. Redioni hakuna aliyejua, kwa sababu redioni husoma. Jukwaani ndiko alikokuwa akifa kila siku. Mejumaa ndiye aliyegundua kwanza, akampeleka Nairobi kwa daktari, na wakatuambia sisi kwamba amekwenda kurekodi. Daktari aliwaambia ni maradhi ya usahaulifu, na kwamba hayarudi nyuma. Alipokataa kuacha jukwaa, mkewe alirudi jukwaani. Hiyo ndiyo siri ya bibi mwenye wajukuu. Alikuwa akisimama karibu naye katika kila onyesho, akimnong'oneza kila neno kabla hajalitamka, midomo yake ikiwa nyuma ya leso, na mji ukimpigia makofi Zakariya.

Siku ile ya Idi, pale penye talaka, Mejumaa alikuwa amempa mgongo kama mchezo unavyotaka. Hakuweza kumnong'oneza. Nikamwuliza kwa nini basi alisema uongo, tena mbele ya Sheikh. Akasema kwamba watu wakijua hawatamsikiliza tena, watamhurumia, na kwamba aliona ni afadhali awe mtu aliyemwacha mkewe kwa ujuzi kuliko awe mzee aliyemwacha kwa kupotewa. Kisha akanyamaza, nikadhani amesahau tena. Lakini alikuwa akilitafuta neno la mwisho, na alipolipata aligeuka akanitazama.

"Kaka, jina la yule mwanamke wa hadithi nililitafuta nisilione. Nikatafuta jina lolote, la mtu yeyote. Lililobaki lilikuwa la Mejumaa peke yake."

Nilimfuta uso kwa kilemba changu kama alivyokuwa mdogo.

Asubuhi alirudi mwenyewe kwa Sheikh Jamaldin, nami nikimfuata. Nilidhani jambo limekwisha, lakini Sheikh hakulipokea kwa wepesi, na alikuwa na haki. Alisema kwamba mtu akikiri mbele ya watu kisha akageuza maneno ili arudishiwe mke, kila mwanamume wa mji huu atageuza. Aliomba idhini azungumze na daktari wa Nairobi, akapewa. Alimwita Mejumaa, naye alipojua kwamba mumewe amelitoa mwenyewe ndipo aliposema, na maneno yake yakaafikiana na ya Zakariya kitu kwa kitu. Alinitaka na mimi nishuhudie yale ya rakaa mbili, nikashuhudia. Mwishowe akasema kwamba moyo wake umeridhika, lakini uongo ulisemwa redioni na lazima urudishwe redioni, ili asiwepo mtu wa kumnyooshea Mejumaa kidole. Asipokwenda, hatamfungulia mlango.

Zakariya alikaa siku nyingi bila ya kukata shauri. Siku moja alisema atakwenda, kesho yake akasema tunataka kumzika akiwa hai. Mimi sikumlazimisha. Niliogopa akienda, nikaogopa asipokwenda. Samuel, ambaye sasa alikuwa amefahamu, alikuja kwangu akalia, akasema yuko tayari kuyaandika yote vizuri ili Zakariya asome tu, kama anavyosoma siku zote, na hapana atakayeona kasoro. Zakariya akakataa. Alisema akisoma, watu watasema ni mchezo mwingine.

Jana, Jumamosi, alikwenda. Hakutaka nimsindikize studioni. Nikaenda Tononoka, tukaketi mbele ya redio ya Kingi. Mejumaa alikuwa chini, mkekani, karibu na redio kuliko sote. Zakariya alisalimu, akamshukuru Samuel, akaanza. Sauti ilikuwa ileile, dada, ya kuita watu wazima wakatulia. Alisema kwamba amezaliwa Kibokoni, kwamba amelelewa na dada yake, akakutaja kwa jina, na kwamba hajapata kuwadanganya wasikilizaji wake ila mara moja. Kisha akasema, "Jumamosi ile niliwaambia kwamba jina la mke wangu nililitaja kwa..." Akakwama.

Mejumaa alijiinamisha mpaka paji la uso likagusa redio. "Makusudi," akanong'ona. "Makusudi." Alinong'ona tena na tena, kwa subira, kama anayemlisha mgonjwa. Kutoka redioni hapakutoka kitu. Kingi alikuwa amekunjua mikono, ameiweka kichwani. Mtaa mzima ulikuwa kimya, maana kila nyumba ilikuwa imefungulia, na ule ukimya ulikuwa ukitoka katika kila dirisha. Samuel ameniambia kwamba kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kuweka muziki, na Zakariya akamshika mkono asikibonyeze.

Kisha tukamsikia akivuta pumzi.

"Neno limenipotea," alisema. "Na hilo ndilo nililokuja kuwaambia. Siku ile ya Idi lilinipotea hivihivi. Sasa mmenishuhudia."

Muda si muda simu yangu ikalia, naye ni Sheikh Jamaldin, ambaye hapendi simu. Aliniamkia, kisha akasema, "Mwambie shemejio bado ni mke wa mtu." Nikamwambia Mejumaa. Sikuona machozi. Aliinuka akaanza kutafuta buibui, huku akimhimiza Kingi alete gari haraka, kwa sababu, alisema, Samuel anadhani Zakariya anaijua njia ya kurudi nyumbani. Kingi, yule aliyeapa mbele yangu kwamba hatamtia shemeji yake katika gari lake maisha, alikuwa ameshatoka nje na ufunguo.

Tulimkuta kwenye benchi la nje, koti mapajani, anatazama upande usio wetu. Alipomwona mkewe alimwuliza kama ameyasema yote. Mejumaa akamwambia limebaki neno moja. Naye Zakariya akajibu, "Basi na libaki," na wakaingia garini.

Hayo ndiyo yaliyopita. Usidhani nakuandikia nikiwa nimetulia. Hofu imehama tu. Leo asubuhi wamekuja watu kumpa pole, wakamsemesha kwa sauti ya juu kana kwamba ni kiziwi, nikaona anavyonywea. Samuel amemwambia nafasi yake ya redio ipo, lakini yule wa mashine za zahanati amekwisha kuuliza ni nani mwingine mwenye sauti nzuri. Na nimemwona Mejumaa akimtazama anapotafuta neno, nikajua anachokihesabu. Anaingojea siku ambayo hata hilo jina lake lililobaki halitabaki. Sheikh amenihakikishia kwamba siku hiyo ikifika, lolote atakalolitamka halitamdhuru mkewe. Kwa sheria nimepoa. Kwa mengine sijapoa.

Na lipo moja ambalo sikulisema katika simu, na ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Wiki iliyopita Zakariya aliniuliza kwa nini hujapandisha chai. Nilimwambia uko Maskati. Akacheka, akasema bila shaka, alikuwa akinitania. Jana jioni ameuliza tena. Nakuomba, dada, kama miguu itakubali, uje, na usingoje nafuu kamili. Na kama haitakubali, mpigie kila siku baada ya alasiri, ndiyo saa yake nzuri. Ukimpigia, usimwulize kama anakujua. Anza kwa kumtajia jina lako, kisha mwite kwa lake, umngoje.

Nisalimie mumeo, watoto na wajukuu, mmoja mmoja. Mejumaa anakupa mkono, anasema ile kanga uliyoileta mwaka ule bado anaivaa. Kingi naye anakusalimu, na hajambo wala hana kinyongo. Mwenyezi Mungu aifanye nyepesi miguu yako, atuhifadhie yale tunayoyakumbuka, na atusamehe yale tutakayoyasahau. Amin.

Ni mimi nduguyo,
Maalim Twahir